Nani Alisema Ski Pana Ndiyo Bora?

Ukiingia leo katika duka la ski mjini Denver, Salt Lake City au Innsbruck, namba ya kwanza utakayotajiwa ni upana wa kiuno. Kiuno ni ile sehemu ya katikati, chini ya buti, ambapo ski huwa nyembamba kuliko kwingine. Miaka arobaini iliyopita karibu kila ski ya kuteremkia mlima ilikuwa na kiuno cha milimita 60 na ushei, na hakuna aliyeijadili namba hiyo. Sasa inachapishwa juu ya ski kwa herufi kubwa, mara nyingine ndiyo jina la modeli yenyewe, na mnunuzi mgeni anatoka dukani na jozi ya 98, 100 au 106 akiwa ameambiwa kwamba hiyo inaweza kila kitu.

Ushauri huu umekuwa wa kawaida mno kiasi kwamba anayeupinga huonekana amepitwa na wakati. Mimi naupinga. Naupinga hasa kwa ajili ya wenzetu wanaozungumza Kiswahili waliohamia Colorado, Minnesota, Norway au Uswisi, ambao wengi wao wameujua mchezo huu ukubwani. Hawana mjomba aliyekulia kwenye theluji wa kuwanong'oneza. Wanamwamini muuzaji, wanalipa, kisha wanahangaika misimu mitatu wakidhani kasoro ni ya miguu yao.

Kazi yangu ni kunoa kingo za ski, na kila juma zinapita mezani kwangu jozi pana zenye hadithi ileile: kingo zimelika chini ya buti kama za ski yoyote iliyoburuzwa kwenye theluji ngumu, wakati ncha zake, zile zilizochongwa ili zielee kwenye theluji nene, zingali na makali ya kiwandani. Hazijafika kule zilikotengenezewa.

Wanachosema

Sitazipunguza nguvu hoja za upande wa pili ili nipate urahisi wa kuzijibu. Wanasema kwamba ski yenye eneo kubwa huelea juu ya theluji laini, ilhali nyembamba huzama na kumchosha mtu. Wanasema kwamba ski pana ni thabiti, kwamba inapita juu ya theluji iliyovurugwa bila kuyumba. Wanasema teknolojia imebadilika: tabaka za aloi iitwayo Titanal, ncha zilizoinuliwa na mchongo wa ubavuni uliopigiwa hesabu vimeiwezesha ski ya kiuno cha 100 ikate kona kwenye theluji ngumu sawa na nyembamba. Wanaongeza kwamba asubuhi hujui utakuta theluji gani, hivyo mwenye ski pana yuko tayari kwa lolote. Na kwa anayeanza, wanasema, jukwaa pana ni utulivu.

Kila hoja hapo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana zimeenea. Zikigeuzwa kuwa ushauri kwa mtu wa kawaida, zinampotosha.

1. Kwenye theluji ngumu unasimama juu ya ukingo

Kosa kubwa liko hapa, na mengine yote yanazaliwa nalo. Watu wanaifikiria ski kama ubao uliolala chini. Lakini kona haipigwi na ski iliyolala. Ili ski ikate kona lazima uilaze ubavu. Ukishailaza, sehemu yake ya chini inaachana na theluji, na kinachobaki kimezama ni ukingo mmoja wa chuma. Uzito wako wote, pamoja na nguvu inayokusukuma nje ya kona, unapita kwenye ukingo huo.

Sasa tazama mguu uko wapi. Uko katikati ya ski. Theluji inasukuma kutoka kwenye ukingo. Umbali kati ya hivyo viwili ni nusu ya kiuno. Kwa ski ya milimita 68 ni milimita 34. Kwa ski ya 106 ni milimita 53. Chukua nguvu ya newtoni 1,000, ambayo mtu mzima wa kawaida huifikia katika kona isiyo kali: ski ya kwanza inausokota mguu kwa newtoni-mita 34, ya pili kwa 53. Ni ongezeko la zaidi ya nusu, kona baada ya kona. Shika ndoo ya maji karibu na kiuno chako, kisha inyooshee mkono mbele: maji ni yaleyale, lakini bega litakueleza tofauti.

Msokoto huo una nia moja, kuirudisha ski ilale. Nani anauzuia? Kifundo cha mguu kimefungwa ndani ya buti ngumu la plastiki, hivyo kazi inapanda juu: muundi, goti, nyonga. Soli ya buti la kawaida la mtu mzima ina upana wa milimita 69 upande wa vidole. Kwa ski ya 68, ukingo uko karibu sawa na ukingo wa buti. Unakanyaga juu ya makali yenyewe. Kwa ski ya 106, ukingo umetokeza takribani milimita 18 nje ya buti kila upande, mahali ambapo mguu haupo.

Watafiti wa Slovenia walilipima jambo hili kwa vifaa vilivyofungwa kwenye miguu ya watelezaji, wakachapisha matokeo mwaka 2015: upana wa kiuno unabadilisha jinsi goti linavyokaa na kuzunguka wakati wa kona. Goti halikuumbwa kwa kusokotwa. Wale wanaomuuzia mtu wa miaka 50 kiuno cha 106 kwa ajili ya njia ngumu hawamwambii hili, ingawa ndilo jambo la kwanza ambalo mtu wa miaka 50 angestahili kuambiwa.

Kama upana ungekuwa na faida kwenye theluji ngumu, wa kwanza kuukimbilia wangekuwa washindani wa slalom, mbio za kona fupi. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Ski, FIS, zinaweka kiwango cha chini cha kiuno kwa slalom, milimita 63. Anayetaka pana zaidi ana nafasi ya kupanda. Na bado hakuna anayekwenda kwenye lango la kuanzia la Kombe la Dunia na kiuno cha 80. Wote wako chini ya 70. Hawa ni watu wanaoshinda au kushindwa kwa sehemu ya mia ya sekunde, na kampuni zao zingewatengenezea chochote wanachoomba.

Kuna jibu moja la haki hapa, nami nalitaja: ski ikiwa nyembamba kuliko buti, ukiilaza sana ubavu wa buti hugusa theluji na kukuangusha. Ni kweli. Washindani wanalitatua kwa sahani inayoliinua buti, na FIS imeweka kikomo: kutoka chini ya ski hadi chini ya soli ya buti kusizidi milimita 50. Lakini mtu anayefikia kulaza ski kiasi hicho haulizi ushauri dukani. Mnunuzi wa kawaida haikaribii pembe hiyo, na kwa ski pana hataikaribia kamwe.

2. "Lakini nusukipenyo ni kilekile"

Hii ndiyo hoja inayowashinda wengi, kwa kuwa inakuja na namba. Muuzaji anakuonyesha nusukipenyo cha kona, kama kilivyoandikwa kwenye ski: mita 18. Anakuonyesha ski nyembamba: mita 17. Anauliza tofauti iko wapi.

Turudi nyuma kidogo. Mchongo wa ubavuni, yaani ule mbinuko unaoifanya ski iwe pana mbele na nyuma na nyembamba katikati, ni wazo la zamani; Sondre Norheim wa Telemark, Norway, aliutumia katika karne ya 19 na kuwashangaza watu wa Christiania (Oslo ya leo) mwaka 1868. Kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye mchongo huo ulibaki wa kina kidogo, takribani milimita 7, na ski ilihitaji kusukumwa na kuburuzwa ili igeuke. Mwaka 1993 kampuni ya Elan ya Slovenia, kwa kazi ya wahandisi Jurij Franko na Pavel Škofič, ilitoa SCX, ski yenye mchongo wa kina kikubwa. Ghafla mtu wa kawaida aliweza kuilaza ski na kuiona ikigeuka yenyewe. Ndani ya miaka michache ski za zamani zilitoweka madukani.

Angalia kilicholeta mapinduzi hayo: ncha pana na kiuno chembamba. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo iliyofanya kazi.

Hesabu yake iko wazi. Kina cha mchongo ni jumla ya upana wa mbele na wa nyuma, ukitoa viuno viwili, kisha ukigawanya kwa nne. Ski ya njia zilizosawazishwa yenye vipimo 125 mbele, 72 kiunoni na 107 nyuma ina kina cha milimita 22. Ski pana yenye 138, 106 na 126 ina kina cha milimita 13. Ukichukua urefu wa mgusano na theluji wa mita 1.55 kwa zote mbili, ya kwanza inatoa nusukipenyo cha takribani mita 14, ya pili takribani 23. Ili ski ya kiuno cha 106 ipate mchongo wa milimita 22, ncha na mkia wake vingelazimika kukaribia milimita 150 kwa wastani, na hakuna anayetaka kuibeba.

Basi ile mita 18 iliyoandikwa inatoka wapi? Inatoka kwenye kufupisha. Mbuni huinua ncha na mkia, huvuta sehemu zilizo pana zaidi karibu na katikati, na mchongo unapimwa kwenye kipande kifupi zaidi. Punguza urefu ule wa mita 1.55 hadi 1.35, na ski ileile yenye mchongo wa milimita 13 inakupa mita 17 na nusu. Namba imekuwa nzuri. Kilicholipwa ni sentimita 20 za ukingo ambao sasa uko hewani, haushiki chochote. Wanakwambia ncha iliyoinuliwa imeifanya ski pana ikate kama nyembamba, na kumbe ndiyo iliyopunguza makali yanayokata. Mambo hayo mawili hayawezi kuuzwa pamoja kwa mtu mmoja kwa bei moja.

Tena namba yenyewe ni ya ski iliyolala mezani. Kona unayoipata mlimani inakaribia nusukipenyo hicho kikizidishwa na kosini ya pembe uliyoilaza. Ski ya mita 18 ikilazwa digrii 60 hupiga kona ya mita 9. Ikilazwa digrii 30 hupiga kona ya mita 15 na nusu. Sasa unganisha na sehemu ya kwanza. Ski pana inapinga kulazwa. Watu wawili wenye uwezo sawa, wenye ski zilizoandikwa mita 18 zote, mmoja kwa kiuno cha 72 na mwingine cha 106, hawatapiga kona sawa, kwa sababu hawatafika pembe sawa.

Kwamba mchongo ni suala la nguvu zinazopita mwilini, FIS wenyewe walikiri. Kuanzia msimu wa 2012–13, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Salzburg kuhusu majeraha, waliwalazimisha wanaume wa giant slalom kutumia ski zenye nusukipenyo kisichopungua mita 35, kutoka 27. Ted Ligety wa Marekani alipinga kwa ukali kuliko wote. Kisha akashinda Sölden, mbio za kwanza chini ya kanuni hiyo, kwa sekunde 2.75, na mwezi Februari 2013 akatwaa medali tatu za dhahabu kwenye mashindano ya dunia ya Schladming. Mwaka 2017 kikomo kilishushwa hadi mita 30. Wakubwa wa mchezo walibishana miaka mitano juu ya mita chache za umbo, na huku dukani tunaambiwa milimita 34 za kiuno hazina gharama.

3. Theluji ya unga

Hapa ndipo ilipo ngome yao, na hapa wanastahili kusikilizwa. Ski pana huelea zaidi. Swali ni zaidi kwa kiasi gani, na kwa nani.

Mtu mwenye kilo 80 pamoja na vifaa, akiwa kwenye ski za sentimita 180 zenye wastani wa upana wa sentimita 9.5 (hiyo ni ski ya kiuno cha 80 hivi), anakandamiza theluji kwa takribani gramu 23 kwa kila sentimita ya mraba. Akipanda kwenye jozi ya kiuno cha 106, yenye wastani wa sentimita 11.8, anakandamiza kwa gramu 19. Tofauti ni moja ya tano. Ni tofauti halisi, inayosikika mguuni. Lakini sasa zichukue ski za zamani za sentimita 205, nyembamba mwanzo hadi mwisho: zinafikia karibu gramu 26. Kwa maneno mengine, ski ya leo ya kiuno cha 80, ambayo muuzaji atakwambia ni ya njia zilizosawazishwa tu, ina eneo kubwa kuliko zile zilizotumika Alta, Utah, miongo mingi. Alta ilianza kuendesha lifti yake msimu wa 1938–39. Mtelezaji Alf Engen na wenzake walijenga pale ufundi mzima wa kuteleza kwenye theluji ya unga, katika mojawapo ya milima inayopata theluji nyingi kuliko yote Amerika ya Kaskazini, wakiwa na ski ambazo leo hakuna duka lingezikodisha kwa kazi hiyo.

Wao walielea kwa mwendo na kwa mizani ya mwili. Ski inayosonga huinuliwa na theluji inayoipiga kutoka chini, na kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo inavyopanda. Anayeteleza kwa woga, akivunja mwendo kila mita kumi, atazama hata kwa 115.

Upana ulizaliwa kwa mahitaji maalumu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Rupert Huber wa kampuni ya Atomic, ambaye inasimuliwa kuwa alianza kwa kupasua ubao wa theluji vipande viwili, alitengeneza ski pana zilizofika kwa wateja wa helikopta huko Canada, watu walioshushwa kileleni kwenye theluji isiyokanyagwa na kuchukuliwa tena chini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtelezaji Shane McConkey alilipeleka wazo hadi mwisho wake: Volant Spatula, ski iliyokuwa pana zaidi katikati na nyembamba ncha zote mbili, kinyume kabisa cha ski nyingine zote. McConkey alijua alichokuwa akikifanya. Aliichora kwa ajili ya theluji nene tupu, akiiga ski za majini, wala hakujidai kwamba ingefaa kwenye njia ngumu. Waliokuja baadaye waliichukua nusu ya fikra yake, wakaipunguza makali, wakaiita ya kila siku.

4. Uthabiti

Hoja hii inakwisha upesi. Ski hutulia kwa urefu wa ukingo unaogusa, kwa uzito, kwa ugumu wake na kwa jinsi inavyomeza mtetemo. Ski za mbio za kuteremka moja kwa moja, zinazokwenda zaidi ya kilomita 130 kwa saa pale Wengen na Kitzbühel, ni nyembamba na ndefu kupita mita mbili. Hakuna ski zilizo thabiti kuziliko. Kwenye theluji iliyovurugwa upana unasaidia, nakubali, kwa kuwa ski haizami kila rundo. Lakini ski pana na nyepesi, kama nyingi zinazouzwa sasa, inarushwa huku na huko na mabonge yaleyale iliyonunuliwa kuyashinda.

5. Theluji unayoikanyaga kweli

Wanaosema "hujui asubuhi utakuta nini" wanajua vizuri. Sote tunajua. Siku nyingi tutakuta theluji iliyosawazishwa kwa mashine, ngumu asubuhi, iliyochimbika mchana.

Colorado, mwezi Oktoba, Arapahoe Basin, Loveland na Keystone hushindana nani afungue kwanza, na kinachofunguliwa ni ukanda mmoja mweupe uliotengenezwa kwa mizinga ya theluji huku mlima pembeni ukiwa bado wa kahawia. Italia, takribani asilimia 90 ya njia za ski zina mitambo ya kutengenezea theluji. Austria ni karibu asilimia 70. Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2022 iliendeshwa karibu yote juu ya theluji ya mashine. Theluji hiyo si ile inayoshuka kimyakimya usiku. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya ya Utah ina uzito wa kilo 80 au 90. Ya mashine, ikishasawazishwa, hupita kilo 400. Kwenye theluji ya namna hiyo hakuna kitu cha kuelea juu yake. Kuna ukingo unaoshika au usioshika.

Kwa Mwafrika anayetaka kuonja mchezo huu karibu na nyumbani, hali iko wazi zaidi. Afriski, kwenye milima ya Lesotho iliyo juu ya mita 3,000, inategemea mitambo. Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka, ina theluji ya kutengenezwa na njia ndefu kuliko zote hapo ni ya mita 400. Hata Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyeibeba bendera ya Kenya katika ski za mlimani huko PyeongChang mwaka 2018, alishindana kwenye njia zilizogandishwa makusudi ziwe ngumu.

Hata siku njema ya theluji mpya ina saa zake. Kwenye mlima wenye lifti na watu wengi, theluji ya unga inakatwakatwa kabla ya saa tano asubuhi. Kuanzia hapo hadi lifti zinapofungwa, mwenye kiuno cha 106 anabeba kifaa cha saa mbili kwa muda wa saa tano.

Watengenezaji nao wameanza kurudi nyuma. Völkl Mantra, mojawapo ya ski zilizouzwa sana kwa jina la "ski moja kwa mlima mzima," ilianza chini ya milimita 100, ikapanuliwa toleo baada ya toleo hadi ikafika 100, kisha mwaka 2018 ikarudishwa 96. Kama 100 ndiyo ilikuwa jibu, hapakuwa na sababu ya kurudi.

6. Anayejifunza

Kati ya yote wanayoyasema, hili ndilo linaloniuma. Mtu anayeanza anahitaji kuhisi jambo moja: nikilaza ski, inageuka. Akishalihisi, mengine yanafuata. Akilikosa, atajifunza kugeuza kwa kusokota miguu na kuburuza visigino, na tabia hiyo ikishaingia inachukua miaka kuitoa.

Ski nyembamba yenye mchongo wa kina inamfundisha jambo hilo ndani ya siku chache, kwa sababu inakubali kulazwa kwa nguvu kidogo. Ski pana yenye ncha zilizoinuliwa inamfundisha kinyume. Inazunguka kirahisi ikiwa imelala, ndiyo maana siku ya kwanza anaifurahia na muuzaji anaonekana mkweli. Utulivu anaousikia ni wa ski isiyofanya kazi. Akipelekwa kwenye mteremko mkali wenye barafu kidogo, ski inateleza ubavu, yeye anainama nyuma kwa hofu, na kuanzia hapo anaambiwa anahitaji masomo zaidi. Anahitaji milimita 30 pungufu.

Wanawake na watu wenye miili midogo ndio wanaoumia zaidi. Mtu wa kilo 55 hahitaji eneo analohitaji mtu wa kilo 95 ili aelee. Kwa uzito wake, kiuno cha 80 ni kipana tayari. Lakini namba zinazopendekezwa zinatolewa kana kwamba sote tuna uzito mmoja.

7. Bei isiyoandikwa

Jozi nzuri ya ski bila vifungo vya buti inafikia dola 700 hadi 900 Marekani. Wanaouza ski pana wanasema utaokoa, kwa kuwa utanunua moja tu. Hesabu iliyobaki hawaitaji. Breki za vifungo hutengenezwa kwa upana maalumu: zilizonunuliwa kwa kiuno cha 106 zinaning'inia pembeni ukizihamishia kwenye ski ya 76, na za 76 hazipiti kwenye ski ya 106. Anayegundua kosa lake baada ya misimu miwili ananunua ski na breki, mara nyingi vifungo vyote. Uzito nao unabebwa na mguu, kwenye kiti cha lifti unaponing'inia, na kwenye kila hatua kwa wale wanaopanda mlima kwa miguu.

Kuna gharama nyingine nzito kuliko fedha. Ski pana inamwambia mtu kwamba yuko tayari kwenda nje ya njia. Mteremko wenye theluji nene isiyosimamiwa ndiko maporomoko yanakotokea, na hapo kinachokuokoa ni mafunzo, kifaa cha kutuma na kupokea ishara, koleo, fimbo ya kupimia na wenzako wanaojua kuvitumia. Kiuno cha ski hakimo kwenye orodha hiyo.

Basi, ndugu msomaji, ukienda kununua au kukodi, mwambie anayekuhudumia uzito wako, mlima unaokwenda na theluji uliyoikanyaga siku tano zilizopita, usimwambie ile unayoiota. Ukiwa unashinda kwenye njia zilizosawazishwa, chukua kiuno kati ya 68 na 80. Ukiwa unatoka nje ya njia mara kwa mara, 80 hadi 88 inatosha watu wengi. Muulize pia urefu wa ukingo unaogusa theluji, na akishindwa kukujibu, tafuta duka jingine. Siku theluji ya unga ikianguka kweli, kodi ski pana kwa siku hiyo moja, na jioni uzirudishe.